Timu Nzima, Wageni Wawili

Theluji ya kwanza ya msimu wa baridi wa 2021 ilianguka usiku wa manane, na alfajiri nilipotoka kwenda kubeba boksi nikakuta njia ya kutolea gari imeshasafishwa. Haikuwa kazi ya mashine, maana mashine huacha matuta pembeni. Ilikuwa kazi ya koleo, kingo zimenyooka kama zimepimwa kwa kamba. Mwisho wa njia, upande wa jirani, alisimama kijana mrefu mwenye kofia ya sufu, mvuke unamtoka puani. Akainua koleo kidogo, kama askari mvivu anayepiga saluti, akaingia ndani.

Kwetu Tanga tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yule hakuna aliyempa. Alilitafuta mwenyewe bandani kwa wenyeji wake, akamaliza kwao, akaona na kwangu kumejaa, akaendelea.

Alikuwa na miaka 17, ametoka mji wa viwanda huko Urali, Urusi, na alikuja Ontario kucheza hoki ya barafu. Mji tunaoishi siutaji. Una timu moja ya vijana, na timu hiyo msimu ule ilikuwa na Mrusi mmoja. Nikiutaja mji nimemtaja na yeye, na hakuniomba nimwandike.

Hoki nilianza kuifuata shingo upande. Huku majira ya baridi hakuna kingine cha kuzungumza kazini, na mtu akikaa kimya sana watu wanadhani anaumwa. Mwaka wa kwanza nilikuwa nashangilia bao baada ya wenzangu wote kwa sababu kile kisahani cheusi cha mpira wanachokigombea sikukiona kabisa. Macho yaliyolelewa na mpira wa miguu Mkwakwani yanatafuta kitu cha duara kinachodunda. Kisahani hakidundi. Kinateleza, kinapotea kwenye miguu, halafu taa nyekundu inawaka nyuma ya goli na ukumbi mzima umesimama isipokuwa wewe.

Jirani zangu ni mzee na mkewe, wastaafu wote wawili, na kwa karibu miaka ishirini wamekuwa wakiwapokea wachezaji wa timu ya mji. Ndivyo mambo yalivyo huku. Kijana wa miaka 16 au 17 akisajiliwa mbali na kwao, klabu haimpangishii chumba. Inamtafutia familia. Analala chumba cha chini, anakula mezani pamoja nao, ana saa ya kurudi nyumbani, anakwenda shule ya mtaani. Klabu huwapa wenyeji kiasi fulani kila mwezi ambacho, kwa maneno ya bibi jirani, hakilipi hata maziwa. Nilimwamini siku nilipomwona yule kijana anamaliza dumu la lita nne huku amesimama mbele ya friji.

Nieleze kidogo mpangilio wenyewe. Chini ya mwavuli unaoitwa CHL ziko ligi tatu za vijana: OHL ya Ontario, WHL ya magharibi, na ile ya Quebec na majimbo ya pwani ya Atlantiki. Jumla yake ni timu zipatazo 60, chache kati yake ziko upande wa Marekani. Umri ni miaka 16 hadi 20. NHL, ligi kubwa kuliko zote, inachota hapo zaidi ya mahali pengine popote. Huku Ontario msimu wa kawaida una mechi 68 kabla ya mtoano, kwa hiyo maisha ni shule, mazoezi, basi, mechi, basi tena usiku kucha. Wa Ontario wana nafuu. Kule Quebec timu ya Rouyn-Noranda, mji wa migodi kaskazini-magharibi, ikienda kucheza kisiwani Cape Breton inakata zaidi ya kilomita 1,500 kwenda tu.

Mgeni anaingiaje humo? Kila mwaka, mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, klabu hukaa kwenye kompyuta na kuchagua vijana wa nje kwa zamu. Wanaiita drafti. Si ile drafti yetu ya vizibo vya soda barazani, ingawa nikikumbuka jinsi kete inavyosukumwa na mtu mwenye kikombe cha kahawa mkono wa pili, sioni umbali mkubwa. Kijana yuko usingizini upande mwingine wa dunia. Anaamka, wakala wake anampa jina la mji ambao hajawahi kuusikia, anautafuta kwenye ramani ya simu.

Na kanuni iliyotawala yote hayo enzi ninazozisimulia ilikuwa fupi: timu nzima, wageni wawili. Kikosi kina watu ishirini na zaidi, lakini viti vya wageni vilikuwa viwili. Anayejua ubishi wetu wa kila mwaka kuhusu idadi ya mapro wa kigeni Ligi Kuu hahitaji kuelezwa zaidi. Tofauti ni kwamba pro wetu ni mtu mzima mwenye mkataba na mke. Hawa ni watoto wa sekondari. Hata makipa waliwahi kufungiwa mlango: mwaka 2013 ilipitishwa kwamba makipa wa kigeni wasichaguliwe tena, eti wa Kanada wanakosa nafasi, na uamuzi huo ukafutwa mwaka 2018. Kipa wa Kirusi au wa Kicheki aliyekuwa na miaka 17 kati ya hapo bahati yake ilikuwa imeamuliwa na kalenda.

Mfano ninaoupenda wa viti viwili ni Nikita Kucherov. Leo ukimtaja mtu anayejua hoki anatikisa kichwa kwa heshima: mchezaji bora wa NHL mwaka 2019 akiwa na pointi 128 (bao ni pointi, pasi ya bao nayo pointi), na pointi 144 msimu wa 2023/24. Mwaka 2012 alikuwa kijana wa miaka 19, tayari amechaguliwa na Tampa Bay kwenye nafasi ya 58 ya drafti ya NHL, ambako klabu za wakubwa nazo huchagua vijana kwa zamu, ametua Quebec katika klabu ya Remparts. Akakuta wageni ni watatu na viti ni viwili. Kimojawapo kilikaliwa na Mrusi mwenzake, Mikhail Grigorenko, aliyekuwa nyota wa timu. Mechi zikawa zinapita Kucherov yuko jukwaani na suti. Akahamishiwa Rouyn-Noranda, kule kwenye migodi, akamaliza msimu kwa wastani wa karibu pointi mbili kila mechi. Msimu uliofuata alikuwa NHL. Grigorenko, aliyebaki na kiti, alichaguliwa nafasi ya 12 mwaka 2012, akahangaika Buffalo na Colorado, na mwaka 2017 akarudi Moscow. Simcheki mtu. Ninachosema ni kwamba siku ile pale Quebec kocha yeyote mwenye akili zake angefanya walivyofanya.

Watu wengi hapa wanadhani vijana wa Kirusi wanakuja kwa sababu wanakimbia. Ni mabaki ya hadithi za zamani. Alexander Mogilny alikimbia kweli: mwaka 1989, baada ya mashindano ya dunia Stockholm, aliiacha timu ya Kisovyeti akapanda ndege kwenda Buffalo, na kwao akahesabiwa askari mtoro kwa sababu klabu yake ilikuwa ya jeshi. Mwaka uliofuata Sergei Fedorov naye akatoweka timu ikiwa Portland, Marekani. Lakini jirani yangu hakukimbia. Alisindikizwa uwanja wa ndege na baba, mama na bibi, akiburuta begi la magurudumu lenye vifaa, na kwenye begi la mkononi mama yake alikuwa amemtilia jozi tatu za kandambili za ndani, yake na mbili za kuwazawadia wenyeji, maana kwao kutembea na soksi sakafuni ni kujitafutia ugonjwa.

Walichokuja kukitafuta vijana hawa ni dakika. Nilichelewa kulielewa hili. Mchezaji wa hoki haingii akakaa. Anaingia kwa sekunde arobaini hivi, anatoka, anapumua, anarudi. Kocha ndiye anayegawa zamu hizo kama mama anavyogawa nyama kwenye sinia. Urusi ina ligi kubwa ya wakubwa, KHL, iliyoanzishwa 2008, na mwaka 2009 wakaanzisha ya vijana, MHL, ambayo ukiniuliza mimi nia yake mojawapo ilikuwa kuwazuia watoto wasihame. Kijana mwenye kipaji anasainishwa mapema. Akipandishwa kwa wakubwa anakuta kocha anayeogopa kufukuzwa, na kocha wa namna hiyo hampi mtoto zamu. Anampa ncha ya benchi. Ivan Demidov, aliyechaguliwa na Montreal nafasi ya 5 mwaka 2024, alikuwa miongoni mwa vijana bora duniani wa umri wake, na bado msimu uliofuata pale SKA Saint Petersburg kuna mechi alisugua benchi hadi ukajiuliza kwa nini walimvalisha jezi.

Halafu kuna suala la karatasi. Tangu 2005 hakuna mkataba wa uhamisho kati ya NHL na Urusi. Kwenye mpira wa miguu klabu ikimtaka mchezaji inalipa ada, mambo yanaisha. Hapa hakuna dirisha la kulipia. Ukimchagua kijana aliyefungwa na mkataba Urusi, unangoja uishe. Philadelphia walimchagua Matvei Michkov nafasi ya 7 mwaka 2023 wakijua mkataba wake unakwenda hadi 2026, na timu kadhaa zilizomtangulia zilimruka. Yeye alipata bahati ya kuachiwa mapema, 2024. Sasa mweke pembeni kijana aliyeko Ontario: hana mkataba wa Urusi unaomfunga, msaka vipaji anaendesha gari saa mbili kuja kumwona Ijumaa usiku, anazungumza naye bila mkalimani, anauliza wenyeji wake kama anaamka mapema. Mchezaji ni yuleyule, lakini hofu ya mnunuzi imepungua. Wazazi wanalijua hilo, mawakala wanalijua zaidi.

Na kuna barafu yenyewe. Uwanja wa vipimo vya kimataifa una upana wa mita 30. Wa Amerika Kaskazini ni kama mita 26. Mita nne ni upana wa chumba. Nilimuuliza kijana mwezi wake wa kwanza hapa mbona kila mechi anabamizwa ukutani kama gunia. Akafikiri sana, akatafuta maneno ya Kiingereza moja moja, akaweka viganja viwili mbali mbali juu ya meza. "Nyumbani," akasema, "muda wa kufikiri." Akavisogeza viganja. "Hapa, ukifikiri, unalala." Hadi Desemba alikuwa ameacha kufikiri. Alikuwa anaachia kisahani kabla hakijamfikia vizuri, na bibi jirani, ambaye kabla ya hapo alikuwa anajifunika uso kwa skafu kila akimwona anasukumwa, akaanza kuangalia mechi kwa macho yote mawili.

Saa zetu na za kwao zinapishana kumi wakati wa baridi. Alikuwa anampigia mama yake saa mbili asubuhi kabla ya shule, kwao tayari ni saa kumi na mbili jioni na kiza kimeingia. Simu aliiegemeza kwenye boksi la nafaka, anakula, mama naye kule anakula cha jioni. Dakika nzima zinapita hawasemi kitu, wanatafuna tu. Bibi jirani mwanzo alidhani wamegombana. Mimi nilielewa mara moja, kwa sababu na mimi namfanyia hivyohivyo mama yangu Jumapili.

Mama yangu ndiye aliyemfuatilia kuliko mtu yeyote, kutoka Tanga, bila kujua hoki ni kitu gani. Nilimwelezea mara moja kwamba ni watu wanavaa visu miguuni wanapigana kwa magongo juu ya maji yaliyoganda. Akanyamaza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Na yule mtoto wa watu, anakula?"

"Anakula mama. Anakula sana."

"Anakula nini huko?"

Swali zuri. Alikuwa anakula grechka, nafaka ya kahawia wanayoichemsha kama wali, yenye harufu ya karanga zilizoungua kidogo. Aliipata kwenye duka la Wapolandi mji wa pili. Akaniletea bakuli, nami nikampelekea chapati nane. Sitaki kujisifu, lakini tangu siku hiyo ni yeye aliyekuwa akivuka uzio. Nikamfundisha shikamoo. Hakuhitaji maelezo marefu: kwao pia kuna "wewe" ya rika na "wewe" ya mkubwa, na mwalimu huitwa kwa jina lake pamoja na la baba yake. Basi ikawa kila asubuhi, kutoka upande wa pili wa theluji, sauti nzito ya miaka 17: "Shikamoo!" Na mimi na begi langu la chakula cha mchana: "Marahaba, baba."

Msimu wake haukuwa wa magazetini. Tulizoea kusikia ya wale waliong'aa siku ya kwanza. Nail Yakupov kutoka Nizhnekamsk alifika Sarnia, huku Ontario, mwaka 2010, msimu wake wa kwanza akafunga mabao 49 na kufikisha pointi 101, akivunja rekodi ya klabu kwa wachezaji wa msimu wa kwanza iliyokuwa ya Mkanada Steven Stamkos. Mwaka 2012 Edmonton wakamchagua wa kwanza kabisa. Januari 2013 alisawazisha dhidi ya Los Angeles zikiwa zimebaki chini ya sekunde tano, akapiga magoti akateleza karibu uwanja mzima, na wazee wa hoki wakakasirika kwa furaha yake. Mwaka 2018 alikuwa amesharudi Urusi. Alexander Radulov alipiga pointi 152 katika mechi 62 huko Quebec msimu wa 2005/06, akashinda Kombe la Memorial, lile la bingwa wa CHL nzima, akaenda Nashville ya NHL, na mwaka 2008 akaondoka kwenda Ufa, Urusi, akiwa bado na mkataba. Mikhail Sergachev naye ni wa Nizhnekamsk. Alitwaa Kombe la Memorial na Windsor mwaka 2017, kisha Kombe la Stanley, ubingwa wa NHL, na Tampa Bay 2020 na 2021. Kwenye timu hiyohiyo ya Tampa alikuwemo Kucherov aliyepitia migodini, na golini alisimama Andrei Vasilevskiy, ambaye hakupita huku kabisa. Alibaki Ufa hadi mwaka 2014. Wakala anayewaambia wazazi kwamba njia ni moja tu, ana bei yake.

Asubuhi ya tarehe 24 Februari 2022 nilimkuta amekaa kwenye ngazi za nje, hana koti, koleo liko pembeni na theluji haikuwepo ya kusafisha. Hakusema shikamoo. Nilikaa naye kidogo mpaka baridi ikanishinda. Ndani, bibi jirani alikuwa amezima televisheni kisha akaiwasha kisha akaizima. Wazazi wake walimwagiza jambo moja: usiseme lolote, usiandike lolote, kwa yeyote. Mtoto akatii. Kwa wiki kadhaa alikuwa anaongea kama mtu anayevuka barabara.

Ukumbini, mechi ya ugenini, mwanamume mmoja alisimama nyuma ya kioo cha benchi la adhabu akamtolea maneno ambayo siyaandiki. Nilitaka kukasirika moja kwa moja, nikashindwa. Kanada ina watu zaidi ya milioni moja wenye asili ya Ukraine. Sikujua yule mtu usiku uliopita alikuwa amepigiwa simu gani. Lakini aliyekuwa upande wa pili wa kioo alikuwa na chunusi, na kesho yake ana mtihani wa hesabu.

Mwezi Machi ndipo ilipomgusa mfukoni. Visa na Mastercard walisimamisha shughuli zao Urusi, na kadi za benki za huko zikaacha kufanya kazi nje. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni ya duka. Mkate, ndizi, dawa ya meno. Kadi ikakataa. Akaijaribu tena, akaifuta kwenye suruali, akajaribu mara ya tatu, masikio yamekuwa mekundu. Nikanyoosha mkono nikalipa, dola kumi na kitu. Mimi natuma hela Tanga nikiwa nimekaa chooni, kwa kubonyeza simu, na mama anapata ujumbe kabla sijatoka. Baba yake, fundi mwenye mshahara wake, alikuwa na hela na hana njia ya kuzifikisha kwa mwanawe. Kesho yake asubuhi nilikuta kioo cha gari langu kimekwanguliwa barafu, na juu ya kiwiko cha kufuta maji kuna ndizi moja.

CHL ikatangaza kwamba Warusi na Wabelarusi hawatachaguliwa kwenye drafti ya wageni mwaka 2022. Walioko tayari wakaruhusiwa kuendelea. Mwaka 2023 ikawa hivyohivyo. Nimebishana sana na watu kuhusu uamuzi huo, na najua hoja zao, na nyingine zina uzito. Lakini mtu wa miaka 17 hajapiga kura mahali popote, na ligi za Marekani za umri huohuo ziliendelea kupokea vijana wa Kirusi. Kama ilikuwa kanuni ya utu, iliishia mpakani Detroit. Hayo ni yangu.

Aprili akafikisha miaka 18. Bibi jirani alioka keki, mimi nikaleta sambusa, kuna picha. Wakubwa mezani tulijua umri huo kwao una maana nyingine, kwa sababu kuanzia 18 kijana anaweza kuitwa kutumikia jeshi kwa mwaka mmoja. Timu ilitolewa raundi ya kwanza ya mtoano. Mwezi Mei akaondoka kupitia Istanbul, maana anga la Kanada lilikuwa limefungwa kwa ndege za Kirusi, na akaniandikia kutoka pale uwanjani kwamba kumejaa watu wa kwetu. Nikamwambia Istanbul ni stendi yetu sote.

Alitarajia kurudi Agosti. Viatu vyake vya barafu vya akiba aliviacha vimening'inia chumba cha chini. Ila klabu ilikuwa na hesabu zake. Atapata kibali tena au hatapata? Akipata, atazuiwa huko? Mwanzoni mwa Julai, kwenye drafti ya wageni, wakachagua mgeni mpya kutoka Slovakia, na viti ni vilevile viwili. Wakala akapigiwa simu, wakala akampigia baba, baba akamngoja mwanawe atoke mazoezini. Wiki iliyofuata ikafanyika drafti ya NHL mjini Montreal, raundi saba kwa siku mbili. Wawili wa kwanza kuitwa walitoka Slovakia. Pavel Mintyukov, Mrusi aliyecheza ligi hiihii ya kwetu akiwa na Saginaw, aliitwa wa 10. Wa kwetu hakuitwa. Bibi jirani alikaa mbele ya kompyuta siku zote mbili mpaka jina la mwisho.

Na mwezi huohuo Ivan Fedotov, kipa aliyekuwa golini Urusi ilipopata medali ya fedha Olimpiki ya Beijing na ambaye alikuwa ameshasaini na Philadelphia, alikamatwa Saint Petersburg akapelekwa kutumikia jeshi kaskazini. Bibi jirani alinionyesha habari ile kwenye simu bila kusema kitu. Kisha akateremka chini, akavitoa viatu msumarini, akavipaka mafuta visu vyake visishike kutu, akavifunga kwenye taulo.

Siku hizi yuko daraja la pili huko kwao. Anacheza. Jeshi lilimpita, kwa sababu alijiandikisha chuo cha michezo na wanafunzi huahirishiwa. Mimi na bibi jirani tumemwangalia mara mbili kwenye kompyuta, asubuhi na mapema, picha ikikatika kila dakika. Ukumbi ulikuwa na watu wachache na uwanja ulikuwa mpana. Alikuwa na muda wa kufikiri, na niliona anautumia vibaya.

Yule wa Slovakia alikaa miaka miwili, kijana mpole, mtaalamu wa kuchelewa. Mwaka 2024 CHL ikafungua tena mlango kwa Warusi, na mwezi Agosti likasimama gari la klabu mbele ya jirani, likashuka begi la magurudumu, likafuatiwa na mtoto mwembamba kutoka Siberia aliyekuwa amezunguka kwa kupitia Dubai. Chumba kilekile. Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu cha mwaka wa tano, amekipata kwenye michezo ya kompyuta. Theluji imeanguka mara kadhaa na koleo hajaligusa. Nimeanza kusafisha mwenyewe, najifanya nakohoa kwa nguvu chini ya dirisha lake, haamki.

Nilimweleza mama Jumapili.

"Huyu mpya naye Mrusi?"

"Mrusi mama. Lakini huyu mvivu."

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Amefika lini?"

"Agosti."

Nikasikia anahamisha simu kutoka sikio moja kwenda lingine.

"Umeshampelekea chapati?"

Sikuwa nimempelekea.